PAZIA LA YERUSALEMU HATUTANUNUA



Ujumbe wa leo ni mrefu. Kama uko kwenye matatu na bando inakaribia kuisha, uhifadhi usome jioni. Lakini usome, maana unakuhusu wewe, imani yako na mfuko wako.

Wiki mbili zilizopita ndugu zetu wa kamati ya maendeleo walinijia na picha kwenye simu. Pazia la zambarau, nyuzi za dhahabu, simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, taji katikati, maandishi ya Kiebrania juu na chini. Bei yake shilingi 185,000 pamoja na kulisafirisha. Wakaniambia kuna kanisa upande wa pili wa mji limelitundika mbele ya madhabahu, na tangu siku hiyo viti havitoshi. "Pastor, na sisi tusibaki nyuma." Nikagundua mchango ulikuwa umeshaanza bila mimi kuambiwa. Shilingi 43,500 zilikuwa zimeingia.

Niliwauliza swali moja tu: hili pazia kwa wenyewe ni la nini? Mmoja akasema ni lile la hekaluni. Mwingine akasema linafunika utukufu. Wa tatu akatazama saa.

Nimesema hapana. Kuna waliokasirika, na mmoja hajaonekana ibada ya Jumatano tangu siku hiyo. Basi sitaki kuongea pembeni. Nitaongea hapa, kila mtu asome, na mwenye neno aje tuketi.

Kabla hujanirushia jiwe, nianze na mimi mwenyewe. Mwaka 2013 nilikuwa mchungaji msaidizi katika kanisa ambalo sitalitaja. Tulikuwa na pazia. Halikutoka Yerusalemu, lilishonwa na fundi wa mtaani kwa velveti nyekundu. Wakati wa sifa mtumishi mkuu alikaa nyuma yake, kisha kinanda kikipanda, linafunguka naye anatokea. Kazi yangu mimi ilikuwa kuvuta kamba. Nimeona watu wazima wakianguka chini pazia lilipofunguka, na mimi niliyeshika kamba nilijua vizuri nyuma yake kuna nini: kiti cha plastiki, feni na chupa ya maji. Nilivuta ile kamba mwaka mzima. Kwa hivyo nikisema juu ya mapazia, sisemi kama mtu wa nje.

Sasa twende kwenye Neno. Sitakuandikia mistari hapa. Nimechoka na Wakristo wanaoijua Biblia kwa picha za WhatsApp. Chukua Biblia yako, fungua Kutoka 26, anzia mstari wa 31.

Utakuta Mungu anamwagiza Musa atengeneze pazia la nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu, na kitani safi, na makerubi yamefumwa ndani yake na fundi stadi. Kwa Kiebrania linaitwa parokheti. Lilitundikwa kwenye nguzo nne za mti wa mshita zilizofunikwa dhahabu, likatenga Patakatifu na Patakatifu pa Patakatifu, mahali pa sanduku la agano. Ukienda Walawi 16 utaona nani aliruhusiwa kupita: kuhani mkuu peke yake, Siku ya Upatanisho, na si mikono mitupu, bali kwa damu. Halafu watu wengi hawajawahi kufika Hesabu 4:5. Pale kambi inapohama, Haruni na wanawe wanalishusha pazia lilelile na kulifunika sanduku nalo. Kwa hiyo tangu jangwani lilikuwa na kazi mbili, kutenga na kufunika. Shika hizo mbili, nitazirudia.

Na ukiwa bado Kutoka, pitia sura ya 36, mstari wa 5 hadi wa 7. Mafundi wanamwendea Musa wanamwambia watu wanaleta vitu kupita mahitaji ya kazi. Musa anafanya nini? Anatangaza kambini kwamba watu waache kuleta. Sadaka imetosha! Lini mara ya mwisho ulimsikia mhubiri akitangaza hivyo kwenye maikrofoni? Nami najiuliza pia, maana mimi sijawahi kutangaza.

Hekalu la pili, lile la wakati wa Bwana Yesu, nalo lilikuwa na pazia. Wayahudi wameweka kumbukumbu zake katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi ulioandikwa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo. Humo wanasema unene wake ulikuwa upana wa kiganja, urefu dhiraa 40, upana dhiraa 20, kila mwaka yakitengenezwa mawili, na ilihitaji makuhani 300 kulichovya majini kulitakasa. Nikisoma hayo chuo cha Biblia nilishangaa sana. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba marabi waliokuja baadaye, katika Talmudi, walisema wazi kwamba hao makuhani 300 ni kutia chumvi. Walikuwa wanalipenda hekalu lao kuliko mimi na wewe tunavyopenda kanisa letu, na bado wakakubali kwamba hapa mzungumzaji ameongeza kidogo. Ningetamani tuwe na ujasiri huo kwa baadhi ya shuhuda zetu.

Jambo lingine ambalo hawakulificha: nyuma ya pazia la hekalu la pili hapakuwa na sanduku la agano. Lilikuwa limepotea tangu Babeli walipoangusha hekalu la kwanza. Mishna inasema palikuwa na jiwe tu, lililoinuka vidole vitatu kutoka ardhini, na kuhani mkuu aliweka chetezo chake cha uvumba juu yake. Mwaka 63 kabla ya Kristo jemadari wa Roma aitwaye Pompey aliingia kwa nguvu hadi ndani kabisa, na hakukuta sanamu yoyote. Warumi walistaajabu: watu wanakufa kulinda chumba kisicho na sanamu! Lakini Myahudi hakudanganywa na mtu. Alijua ndani hakuna sanduku, na aliabudu hivyohivyo, maana aliyemwabudu hakuwa kitu cha kuwekwa chumbani.

Mwaka 70 hekalu likachomwa. Mwanahistoria Josephus, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa kikuhani, ameandika kwamba baada ya maandamano ya ushindi kule Roma, Kaisari Vespasian aliagiza kitabu cha sheria na mapazia ya zambarau ya hekaluni yawekwe ndani ya jumba lake la kifalme. Huko ndiko yalikoishia. Kwa hivyo mtu akikuuzia kipande cha kitambaa cha "pazia la hekalu" kwa shilingi 500, muulize kwa upole alikipataje kutoka kwa Kaisari.

Sasa lile pazia la kwenye simu. Lile ni la sinagogi.

Sinagogi si hekalu. Baada ya mwaka 70 Wayahudi hawakujenga hekalu lingine. Wana nyumba za kusali na kusoma, na moja iko hapa kwetu Nairobi, jirani na University Way, jamii iliyoanza tangu siku za mwanzo za mji wenyewe. Ndani ya sinagogi, kwenye ukuta unaoelekea Yerusalemu, kuna kabati. Kwa hapa kwetu ukuta huo ni wa kaskazini. Kabati hilo huitwa aron, neno lilelile Biblia ya Kiebrania inalotumia kwa sanduku la agano, na nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa. Ndani yake hakuna mbao za Musa. Kuna magombo ya Torati, vitabu vitano vya Musa vilivyoandikwa kwa mkono, kwa wino, juu ya ngozi ya mnyama aliye safi, herufi 304,805. Ikiwa herufi moja imekosekana, gombo halisomwi mpaka lirekebishwe. Mbele ya kabati hilo ndipo linapotundikwa pazia, nalo wakaliita parokheti kwa kumbukumbu ya lile la jangwani.

Si desturi ya jana. Kwenye sakafu ya sinagogi la kale la Hamath Tiberia, pembeni ya ziwa la Galilaya, kuna mchoro wa vijiwe wa karne ya 4 unaoonyesha kabati hilo na pazia limefungwa fundo mbele yake. Cairo walifuma lao kwa mtindo wa zulia miaka kama 400 iliyopita, wakaandika juu yake maneno ya Zaburi 118:20 kuhusu lango la Bwana, na leo zulia hilo liko katika jumba la makumbusho Washington. Prague wanayo ya karne ya 16. Wala si lazima kwa wote. Masinagogi mengi ya Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno hayatundiki pazia mbele ya milango, na hakuna anayesema hao hawana upako.

Sasa sikiliza linavyotumika, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Unakumbuka kazi mbili, kutenga na kufunika? Sinagogi halikuchukua ile ya kutenga. Lilichukua ya kufunika, na kinachofunikwa ni KITABU. Jumatatu asubuhi, Alhamisi asubuhi na Sabato, pazia linavutwa kando, kabati linafunguliwa, watu wote wanasimama, gombo linatolewa, linapitishwa katikati ya watu, linawekwa juu ya meza na kusomwa kwa sauti. Linasomwa kwa mfuatano mpaka vitabu vyote vitano vinaisha, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, halafu wanacheza nalo kwa furaha na kuanza tena Mwanzo sura ya kwanza.

Na nani anavuta pazia? Ungefikiri ni rabi. Ni muumini wa kawaida anayeitwa kupewa heshima hiyo. Kuna desturi kwamba mume ambaye mke wake ameingia mwezi wa tisa wa ujauzito atafute nafasi ya kulifungua, akiomba Mungu afungue njia na huko nyumbani. Fundi viatu anaweza kulivuta. Kijana wa miaka 13, sauti bado inavunjikavunjika, anaitwa mbele anasoma gombo siku anapohesabiwa mtu mzima. Rabi si kuhani, hana chumba chake nyuma ya pazia, hana damu wala uvumba. Kazi yake kubwa ni kufundisha.

Lile taji lililodariziwa katikati, ambalo kamati yangu ililipenda sana, huitwa taji la Torati. Mara nyingi kuna herufi mbili pembeni yake zinazosema hivyo. Ni taji la Kitabu! Wale simba wawili wanakilinda Kitabu. Sisi tumelichukua pazia, tumemtoa Kitabu nyuma yake, tumemkalisha mtu, halafu taji na simba tukasema ni vyake.

Naomba ulifikirie hilo polepole. Kwao, pazia linafunguka ili Neno litoke lije kwa watu. Kwetu, pazia linafungwa ili mtumishi asionekane mpaka watu wawe na kiu naye. Wao wanafunika kitu ambacho kila mmoja wao anafundishwa kukisoma tangu utoto. Sisi tunafunika kwa sababu kikifunuliwa kitaonekana ni kiti cha plastiki na feni.

Ndugu mmoja aliniambia, "Lakini Pastor, lile la kule upande wa pili lina maneno ya unabii." Nikaomba picha ya karibu. Kiebrania changu ni cha chuo, miaka mitatu na kamusi, kwa hiyo nilisoma kwa kubabaisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaona neno la nafsi. Nikaona "binti ya". Nikamtumia picha mwenzangu tuliyesoma naye ambaye sasa anafundisha lugha hiyo, akanijibu ndani ya dakika kumi. Maneno yale yanasema pazia limetolewa kwa ajili ya nafsi ya mama fulani aliyefariki, binti ya fulani, na watoto wake.

Ndiyo. Ni pazia la kumbukumbu. Familia moja ya Kiyahudi ilifiwa na mama, ikalidarizi jina lake kwenye pazia la sinagogi lao ili kila Sabato likivutwa akumbukwe. Kisha sinagogi labda likafungwa, au likanunua jipya, sijui, pazia likaingia sokoni na kuvuka bahari. Na sasa liko hapa Kenya, watu wanaligusa wakidai magari. Kila Jumapili mhubiri anaonyesha jina la marehemu kwa kidole na kusema, "Hapa Mungu ameandika: milango yako inafunguka." Sikucheka, wapendwa. Nilimfikiria yule mama.

Ungejua jinsi wenyewe wanavyoviheshimu vitu hivi ungeona aibu. Kuna wanawake, katika nchi nyingi, waliotoa nguo zao za harusi zikashonwa kuwa mapazia ya Torati. Hariri aliyoivaa siku moja tu maishani, akaitoa. Marabi walifundisha kwamba vitu vilivyotumikia utakatifu vikichakaa havitupwi, huwekwa mahali pake kwa heshima. Siku ya Tisha B'Av, wanapoomboleza kuangushwa kwa mahekalu yote mawili, katika masinagogi mengi pazia huondolewa kabisa, au hutundikwa jeusi, na watu huketi chini kusoma Maombolezo. Siku za toba, kuelekea Siku ya Upatanisho, huwekwa jeupe. Pazia lao linajua kulia na kutubu. Haya yetu yaliyoletwa kwa kontena yanajua mafanikio tu.

Sasa niseme kwa nini nina uchungu, maana mtu anaweza kusema Pastor anapigania vitambaa.

Mama mmoja wa ushirika wetu alikuja kwangu mwezi uliopita. Ameniruhusu kusimulia bila jina, na nimebadilisha vitu vichache. Mtoto wake wa pili ana shida ya figo. Alisikia kwamba kule kwenye pazia, ukitoa sadaka maalumu, unaingizwa ndani yake dakika tatu, na huko ombi lako "linafika moja kwa moja". Sadaka hiyo ni shilingi 21,000. Alichukua mkopo wa chama, akaongeza pesa za kliniki ya mwezi huo. Akaingia. Nikamuuliza, "Mama, mle ndani uliona nini?" Akasema palikuwa na giza, mafuta yananukia, na mtu mwingine nyuma yake akimwambia aharakishe kwa sababu foleni ni ndefu.

Halafu akaniuliza swali ambalo limeninyima usingizi. "Pastor, kwani huku kwetu maombi yangu yalikuwa hayafiki?"

Miaka sita mama huyu amefagia kanisa letu Jumamosi. Amekesha nasi. Amesimama akashuhudia. Na mimi mchungaji wake sikuwa nimemfundisha vya kutosha kujua jibu la swali hilo. Wa kwanza kulaumiwa hapo ni mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini wa pili ni yeyote aliyesimama mlangoni pa lile giza na risiti mkononi.

Fungua Mathayo 27:51. Fungua Marko 15:38. Bwana anakata roho, na pazia la hekalu linapasuka vipande viwili, kuanzia juu kushuka chini. Angalia upande lilikoanzia. Mkono wa mtu ungeanza chini, mahali unapofika. Halafu nenda Waebrania 10:19 na 20, uone mwandishi anavyosema kwamba njia mpya na iliyo hai imefunguliwa kupitia pazia, yaani mwili wake. Sio pazia la velveti. Mwili. Uliraruliwa mara moja, na tiketi ya kuingia ililipwa yote pale, haikuachwa salio la 21,000 ulipe wewe.

Kwa hivyo nikuulize: anayelitundika tena na kusema nyuma yake ni Patakatifu pa Patakatifu, na wewe huwezi kuingia bila yeye, anahubiri msalaba upi? Myahudi katika sinagogi hasemi hivyo kuhusu pazia lake. Hajawahi kusema. Wa kusema hivyo amekuwa ni sisi, tuliookoka, tunaoimba juu ya damu kila Jumapili, halafu tunachukua sindano na uzi na kushona pale Mungu aliporarua.

Najua mtakayoyasema, maana kamati imeshayasema. Kwamba Suleimani naye alitengeneza pazia, 2 Mambo ya Nyakati 3:14. Kweli, na alikuwa kabla ya msalaba. Kwamba kanisa linapaswa kupendeza. Sina ugomvi na kupendeza. Pakeni rangi, wekeni maua, hata kitambaa kizuri nyuma ya mimbari mkitaka, cha kitenge kikishonwa na akina mama wetu nitakifurahia. Pazia la darasa la Sunday school lina madoa ya uji tangu mwaka juzi na halijawahi kunisumbua, kwa sababu hakuna mtoto anayeambiwa Mungu yuko upande wa pili tu.

Kwamba tunabariki Israeli. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuvaa shali ya maombi ya mtu usiyejua anaomba nini, kupuliza pembe yake na kutundika kumbukumbu ya mama yake aliyefariki, huko si kumbariki. Ni kama mtu akutembelee, achukue leso ya marehemu nyanya yako aende kuuza kwao kama dawa. Ukitaka kuwaheshimu Wayahudi, jifunze kwao jambo moja tu walilotuzidi mbali: wanasoma. Wanasoma kwa zamu, wanasoma kwa mfuatano, hawarukiruki kutafuta mstari wa gari. Na usije ukatumia ujumbe huu kuwatukana. Yeyote atakayeandika matusi juu ya Wayahudi hapo chini nitamfuta, hata awe mzee wa kanisa.

La mwisho walilosema ni kwamba watu watahama. Hilo sikuwajibu haraka, kwa sababu ni kweli. Wameshahama wanne. Tunalipa kodi ya hema, sauti ya spika moja imekufa, na tarehe 5 inakuja kila mwezi kama kawaida yake. Kama pazia lingejaza viti, tungemaliza deni kufikia Desemba. Nimeyapiga hayo mahesabu usiku, sikufichi. Ila najua pia ningehitaji kijana wa kuvuta kamba, na siku moja angejua kilichoko nyuma, kama mimi nilivyojua.

Basi matangazo ni haya. Zile shilingi 43,500 zinarudi zote. Mtunza hazina ana daftari. Waliotoa mkononi waje Jumatano baada ya ibada, na waliotuma kwa M-Pesa watarudishiwa kwa nambari ileile, gharama ya kutuma nitalipa mimi. Yule aliyetoa 200 bila kuandika jina aje anione, sitamuuliza maswali. Kama kuna atakayetaka pesa zake ziende kliniki ya yule mtoto, amwambie mtunza hazina mwenyewe, kwa hiari, na isitangazwe.

Jumapili hakuna mahubiri marefu. Tutasoma Waebrania 9 na 10, sura zote mbili, mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Msomaji ni yule msichana wa Form Two anayekaaga safu ya nyuma karibu na dirisha. Nimeshaongea na mama yake, na anafanya mazoezi. Njoo na Biblia ya karatasi kama unayo.